Jinsi ya kulitumia neno "integrity" kwenye barua ya kazi na kwenye usaili

Barua nyingi za maombi ya kazi zinazopita kwenye kompyuta ya steshenari yangu hapa Mwanjelwa zina sentensi moja ileile: "I am a hardworking person with high integrity." Anayeomba udereva anayo, anayeomba uhasibu anayo, anayeomba ulinzi wa getini naye anayo. Wengine huja na barua waliyoiandika kwa mkono, tunaisoma pamoja mpaka mwisho, halafu wananikumbusha: "Dada, na ile ya integrity usiisahau." Nikiwauliza maana yake, jibu ni uaminifu, kisha kimya.

Uaminifu si jibu baya, ila halikufikishi mbali mbele ya jopo la usaili. Na kwenye barua, sentensi hiyo inakula nafasi ambayo ungeweka jambo lenye uzito. Mwongozo huu nimewaandikia vijana wa Mbeya, Songwe, Njombe, Iringa na Rukwa wanaoomba kazi kwa Kiingereza huku mawazo yao yako kwa Kiswahili. Fuata hatua kwa mpangilio. Kama dirisha la maombi linafungwa leo usiku, rukia hatua ya tano, nyingine utazisoma ukisubiri kuitwa.

Hatua ya kwanza: jua neno linabeba nini

Asili yake ni Kilatini, integer, yaani kitu kizima, kisichoguswa wala kumegwa. Kwenye hisabati neno hilo limebaki vilevile: integer ni ile namba kamili tuliyofundishwa shuleni, isiyo na sehemu. Integrity ni hali ya kuwa kizima. Likisemwa juu ya mtu, linamtaja mtu asiyegawanyika: anachosema, anachofanya mbele za watu na anachofanya akiwa peke yake ofisini saa kumi na mbili jioni ni kitu kimoja. Kiswahili chake ni uadilifu, na ndilo neno linalotumika serikalini. Mawaziri wakishaapishwa, utawasikia wakila kiapo cha Ahadi ya Uadilifu kwa viongozi wa umma.

Sasa tulishushe neno hilo shambani. Chukua karani anayepima majani mabichi ya chai kwenye banda la kununulia, iwe Rungwe au Mufindi. Mama anatundika kiroba chake kwenye mizani, mshale unasimama kwenye kilo 23 na nusu. Karani anaandika 23. Nusu kilo ni kitu gani? Foleni ni ndefu, mvua inanyesha, mama mwenyewe anataka kuwahi nyumbani, na hakuna anayechungulia daftari. Jioni wakulima 80 wameshapita, na zile nusu zimekuwa kilo 40 zisizo na mwenyewe. Kilo zisizo na mwenyewe, kama tujuavyo, hazichelewi kumpata.

Karani huyo hajamwambia mtu uongo kwa mdomo. Hakuna aliyemuuliza. Ukimwita mwongo atakuja juu, na majirani watamtetea kwamba ni mtu wa kanisani, mpole, hana maneno na mtu. Yote hayo yanaweza kuwa kweli, lakini integrity hana. Anayo mwenzake anayeandika 23.5 kila mara, foleni ikilalamika na asilalamike yeye.

Kwenye viazi utaliona jambo hilohilo. Kanuni za vipimo zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, lakini aliyewahi kununua viazi Njombe au Umalila anaijua lumbesa, gunia lililojazwa likajaa, kisha likashonewa nyongeza juu. Mfanyabiashara anayefika shambani na mizani yake, akapima, akalipa kwa kilo wakati wenzake wote wanalipa kwa gunia, huyo unaweza kumwandikia "a trader of integrity" na usiwe umemsifia bure.

Utaona kwamba mifano yote ina vitu viwili: kuna mali au taarifa ya mtu mwingine iliyo mikononi mwako, na kuna upenyo wa kuipunguza bila kujulikana. Pasipo na upenyo, neno hili halina kazi. Shika hilo, litakusaidia kwenye hatua ya tano.

Hatua ya pili: lipambanue na majirani zake

Honesty ni kusema kweli. Ni sehemu ya integrity, lakini mtu anaweza kusema kweli kila anapoulizwa na bado akakaa kimya pale ambapo hajaulizwa.

Ethics ni maadili kwa maana ya kanuni zinazoongoza taaluma au cheo. Nchi yetu ina Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayotajwa kwenye Ibara ya 132 ya Katiba, na sheria yake ni Namba 13 ya mwaka 1995. Jina la Kiingereza la sheria hiyo lina maneno "Code of Ethics", si "Code of Integrity". Wauguzi, walimu, wahasibu na mawakili nao wana kanuni zao. Kanuni unaweza kuzikariri usiku mmoja kabla ya usaili. Integrity huikariri. Kwa hiyo ukitaka kusema kwamba unazijua kanuni za kazi yako, andika "I am familiar with the code of ethics for nurses", au kanuni ya taaluma yako yoyote ile, na usiingize integrity hapo.

Loyalty ndiyo inayowaangusha wengi, na hapa naomba tukae kidogo. Sisi tumelelewa kumheshimu mkubwa. Mkubwa akisema, unaitika kwanza, maswali baadaye. Sasa jopo linakupa swali: mkuu wako wa idara amekuletea hati ya malipo ya semina ambayo unajua haikufanyika, anakwambia, "Saini tu mdogo wangu, mimi ndiye nitakayeulizwa." Utafanya nini? Kijana aliyelelewa vizuri anajibu kwa moyo mweupe: "I will obey because he is my boss." Kwa malezi ya nyumbani hajakosa adabu, ila swali la integrity ameshalipoteza, maana ametaja loyalty, utii kwa mtu, na walichokuwa wanauliza ni utii kwa kilicho sahihi.

Heshima si lazima uitupe. Jibu linaanza nayo na linaishia kwenye kukataa: "I would respectfully decline to sign, explain my reason to him in private, and if he insists, put the matter in writing to the next level." Neno "respectfully" limebeba adabu zetu zote, "in private" linaonyesha hutamwaibisha mkubwa mbele ya watu, na "in writing" linaonyesha unajua ofisi zinavyoendeshwa. Lisome kwa sauti mpaka likae mdomoni.

Hatua ya tatu: nyoosha sarufi

Integrity ni nomino isiyohesabika. Haina wingi, kwa hiyo "integrities" haipo kwenye barua ya kazi, na wala haiwekewi "an" mbele yake. Haiwi sifa pia. Nimeona "I am integrity" na "I am very integrity" kwenye barua za watu wenye shahada, na sikushangaa sana, kwa sababu kwa Kiswahili "mimi ni mwadilifu" ni sentensi nzima iliyo sawa, na mtu akitafuta njia ya mkato kwenda Kiingereza anaishia hapo.

Mtego mwingine ni integral. Linafanana na integrity kama ndugu wa tumbo moja, na kweli asili yao ni moja, lakini maana yake ni kitu cha lazima ndani ya kitu kingine. "I am an integral person" haimaanishi mtu mwadilifu. Kiingereza cha kawaida hakina sifa fupi inayotokana na integrity, kwa hiyo unazunguka kwa kutumia "of" au "with":

"She is a woman of integrity."
"He handled the funds with integrity."
"The auditor questioned the integrity of the records."

Neno "high" mbele yake si kosa, ila halifanyi kazi yoyote. Anayeandika "high integrity" anafanana na anayesema "mwadilifu sana". Msomaji anaanza kujiuliza waadilifu kidogo wakoje.

Hatua ya nne: litamke lisikike

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana wengi wetu tunasema inte-GRI-ti. Kiingereza kinaweka mkazo mapema zaidi: in-TEG-ri-ti. Sema "in-TEG" kwa nguvu, kisha "riti" iteleze haraka, nyepesi. Usichomeke irabu katikati ikawa "integiriti".

Kwa wenye asili ya Kinyakyusa au Kihehe, ile r huwa inapenda kugeuka l. Hakuna aibu hapo. Mji wa Iringa wenyewe, jina lake linatokana na lilinga, neno la Kihehe lenye maana ya ngome, na r ikaingia baadaye jina lilipopita kwenye midomo na kalamu za wageni. Jopo haliangalii lafudhi. Linachohitaji ni kulisikia neno, na mkazo ukikaa mahali pake litasikika hata r ikiyumba.

Hatua ya tano: lipe tukio

Hii ndiyo hatua yenye faida kuliko zote. Sentensi inayosema wewe ni mwadilifu bila tukio ni kama risiti isiyo na mhuri: inaweza kuwa ya kweli, lakini hakuna mhasibu atakayeipokea. Na kuna ugumu wa ziada kwa neno hili. Ukisema unajua kuendesha gari, hilo linaweza kupimwa kesho asubuhi. Ukisema una integrity, unajitolea ushahidi mwenyewe. Hata tapeli angeandika hivyohivyo, pengine kwa Kiingereza kizuri zaidi.

Chukua karatasi ya pembeni. Andika kila kitu cha watu wengine kilichowahi kuwa mikononi mwako: fedha, funguo, stoo, daftari la mahudhurio, mitihani, mafuta ya gari, dawa, siri za wagonjwa. Usidharau vidogo. Msichana aliyeuza duka la shangazi yake miaka miwili kwenye stendi ya Makambako ana cha kuandika. Aliyekuwa kiranja wa bwalo akigawa chakula ana cha kuandika. Aliyekusanya michango ya mahafali ya darasa lake anacho, na cha huyo huwa kitamu, kwa sababu michango ya mahafali ina upenyo mpana.

Kisha kwa kila kimoja jiulize: upenyo ulikuwa wapi, nilifanya nini, na kuna karatasi gani au mtu gani anayeweza kuthibitisha? Visivyo na upenyo vikate.

Tuchukue kikoba, kwa sababu nusu ya wanaokuja kwangu wamewahi kuwa viongozi wa vikundi. Wanapenda kuandika: "I was a treasurer of VICOBA and no money was lost." Ukifikiri vizuri, sentensi hiyo haisemi mengi. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu, funguo wanazo watu watatu tofauti, wewe mweka hazina unakaa na sanduku lakini huwezi kulifungua peke yako. Fedha kutopotea ni sifa ya kufuli. Upenyo wa mweka hazina uko mahali ambapo kufuli hazifiki: faini ya kuchelewa ambayo rafiki yako hakuandikiwa, mkopo wa shemeji uliosogezewa tarehe, hisa iliyoingizwa daftarini kabla fedha haijatolewa. Hapo ndipo pa kuandika:

"As treasurer of a 25-member savings group in Uyole, I recorded every fine and late repayment, including those of my own relatives, and read the cash book aloud at each meeting."

Isome tena. Neno integrity halimo kabisa. Lakini mtu wa rasilimaliwatu akifika kwenye "including those of my own relatives" atasimama, kwa sababu anajua undugu unavyouma. Maneno hayo sita yamefanya kazi ambayo "high integrity" haikuifanya kwenye barua mia.

Mifano mingine ya kuigeuzageuza kulingana na maisha yako. Dereva: "I drove the Mbeya–Tunduma route for three years and submitted every fuel receipt with the log sheet." Aliyefanya fildi kwenye bohari ya dawa: "During my field attachment I found a difference between the ledger and the shelf count, and reported it to my supervisor the same day." Aliyepima parachichi za wakulima: "I weighed fruit in front of each farmer and gave a written slip before loading." Usiandike jambo ambalo hukulifanya. Sikwambii hivyo kwa kukuhubiria. Wasaili wanachimba, na chimbo lao la kwanza huwa dogo: hisa moja ilikuwa shilingi ngapi? Mlikutana siku gani? Faini ya kuchelewa ilikuwa kiasi gani? Aliyeishi jambo anajibu bila kufikiri, wa kubuni anaanza kuangalia dari.

Je, neno lenyewe uliache kabisa? Inategemea tangazo. Kama tangazo la kazi limetaja "integrity" kwenye sifa za mwombaji, litumie mara moja, kwa sababu anayechuja barua mia tano anatafuta maneno ya tangazo lake. Lifanye liwe mlango wa kuingilia kwenye tukio: "My integrity is best shown by my work as..." halafu tukio. Kama tangazo halikulitaja, tukio linatosha peke yake.

Jambo moja la tahadhari. Usieleze uadilifu wako kwa kumtaja mwovu kwa jina. "My former boss was a thief but I refused to join him" inakufanya uonekane mtu atakayewasema na hawa wanaotaka kukuajiri. Sema ulichofanya wewe, ya mwenzako waachie wakaguzi.

Hatua ya sita: jihadhari na maana zisizohusu tabia

Waombaji wa TEHAMA, uhandisi na sheria watakutana na integrity isiyohusu tabia kabisa. "Data integrity" ni hali ya taarifa kubaki kamili na sahihi, hazijaharibiwa wala kubadilishwa kinyemela. "Structural integrity" ni uimara wa daraja au jengo, kwamba linabeba mzigo wake bila kupasuka. "Territorial integrity" ni mipaka ya nchi kutomegwa, na imo kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1945. Zote zinarudi kwenye ule uzima wa Kilatini.

Kwa Kiswahili usizitafsiri kwa "uadilifu". Uadilifu wa daraja ni kichekesho. Na ukiwa unaomba kazi ya kompyuta, "I maintained data integrity" inaeleza ufundi wako. Haijathibitisha tabia, hivyo tukio la hatua ya tano bado unalihitaji.

Hatua ya saba: jibu kwenye usaili

Maswali huja kwa sura mbili. La kwanza ni la maana: "What do you understand by integrity?" Hapa wengi wanatoa ile sentensi iliyozagaa mtandaoni, ya kufanya lililo sahihi hata kama hakuna anayekuona. Si kosa, lakini jopo limeisikia tangu asubuhi kutoka kwa kila aliyeingia. Sema yako, fupi: "It means my records and my actions are the same whether or not someone will check them." Kisha, bila kungoja kuulizwa, ongeza: "For example, when I was treasurer..." Tukio, halafu nyamaza. Kunyamaza ni kugumu, najua. Kimya cha jopo kinatisha, mtu anaanza kuongezaongeza mpaka anajikanyaga. Waache waandike.

Sura ya pili ni ya mtego, kama ule wa hati ya semina. Mingine utakayokutana nayo: umegundua mfanyakazi mwenzako aliyekufundisha kazi anasaini mahudhurio ya mtu asiyekuwepo. Mzabuni amekuletea mchele wa Kyela nyumbani, siyo ofisini, na zabuni bado haijafunguliwa. Ndugu yako ni mmoja wa wanaoomba kazi unayoisimamia. Kwenye hili la mwisho Kiingereza kina msemo unaotakiwa uujue, "conflict of interest", mgongano wa masilahi, na kitenzi kinachoendana nao ni "declare": "I would declare the relationship and step aside from the process." Kwenye ule wa mchele usijitie umalaika kwa kusema ungempigia TAKUKURU dakika hiyohiyo. Rudisha mchele, mweleze sababu, toa taarifa kwa maandishi ofisini. Wanaouliza wanatoka familia zilezile ambazo mgeni hukaribishwa na mzigo hupokelewa, wanaujua uzito wa kurudisha mchele.

Usaili ukiwa kwa Kiswahili, sema uadilifu, na usichanganye lugha kwa kutaka kuonekana msomi. Salamu moja kwa jopo zima inatosha, shikamoo ya kila mmoja inamaliza dakika zako.

Hatua ya nane: karatasi zako zikubaliane na neno

Aprili 2017 serikali ilitangaza matokeo ya uhakiki wa vyeti: watumishi wa umma 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Baadhi yao walikuwa wamefanya kazi miaka mingi. Kwa hiyo kabla hujaweka neno integrity juu, pitia vilivyo chini. Majina kwenye cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na kitambulisho cha NIDA yanalingana? Kama uliitwa jina moja shuleni na lingine NIDA, tafuta hati ya kisheria ya majina mapema, usingoje kuitwa. Miaka kwenye wasifu wako haigongani, kwamba ulikuwa chuoni Iringa na wakati huohuo ukifanya kazi Tunduma? Nakala zimegongwa mhuri na mwanasheria zikilinganishwa na vyeti halisi? Kwa kazi zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira, hati za matokeo za muda hazipokelewi, tafuta cheti chenyewe.

Mwisho ni wadhamini. Wengi huandika jina la mheshimiwa fulani ambaye hata hawajui. Mdhamini anayefaa kwa neno hili ni yule aliyeshika upande wa pili wa tukio lako: mwenyekiti wa kikundi uliyemsomea daftari, msimamizi wa fildi uliyemletea taarifa ya stoo, mwalimu aliyekupa funguo. Mpigie kabla ya kumwandika. Msalimie, mweleze ni kazi gani, na mkumbushe tukio uliloliweka kwenye barua kwa tarehe zake, ili akipigiwa simu asiseme, "Eeh, namkumbuka, kijana mzuri," akaishia hapo. Mwombe pia akupe namba anayopokea mchana, siyo ile ya laini aliyoiacha.

Ukishampigia, hifadhi barua kama PDF na uisome mara moja zaidi kwenye simu yako kabla ya kuituma.